Omurzak Mwenye Leseni ya Daraja Zote

Ninachotaka kukusimulia hutakisadiki, na wala sikushiki shati usadiki. Watu wa kijiji chetu cha Kara-Tala waliokiona kwa macho yao mpaka leo hawakisadiki, na wengine wameniomba nisiwataje majina. Nitawataja. Ni habari ya Omurzak, mtoto wa dada yangu Sonun, dereva mpole kuliko wote waliowahi kushika usukani kutoka hapa mpaka kwenye mpaka wa China, ambaye Jumatano moja ya mwezi wa sita aliichoka dunia nzima kabla ya saa tisa alasiri. Na mimi, mjomba wake Mambet, nilikuwa sehemu ndogo, ndogo mno, ya kilichomchosha.

Omurzak ana leseni ya daraja zote. Magari madogo, malori, mabasi, matela. Herufi zimejaa nyuma ya kile kikadi mpaka hakuna pa kuweka kidole. Alianzia jeshini, akamalizia kwa kozi za mjini, misimu miwili ya baridi akilala kwa shangazi yake mwenye paka saba. Alidhani akishazipata herufi zote, kazi zitamfuata. Kilichomfuata ni kijiji.

Maana kwetu mtu wa namna hiyo ni wa wote, kama kisima. Baba yake alimwachia lori la buluu la enzi ya shamba la ushirika, lenye mlango unaofungwa kwa mkanda wa suruali. Anayeoa, lori la Omurzak. Anayezika, lori la Omurzak. Nyasi, makaa, kondoo wa kwenda sokoni, bibi wa kwenda kung'olewa jino. Malipo yake yalikuwa paja la kondoo, na wazee wakimnyanyulia viganja kumwombea heri, kisha wakijipangusa nyuso na kwenda zao.

"Una herufi nyingi kuliko mwalimu wa shule," mkewe Burul alikuwa akimwambia. "Sasa niambie, watoto mwezi wa tisa waende darasani wamevaa baraka?"

Usifikiri hakujaribu. Alianza na basi la shule. Kwetu huwezi kupita penye lango la mtu anayekunyooshea mkate ukauacha. Lazima umege kipande, hata cha ukubwa wa ukucha, utie kinywani ndipo uende. Bibi wote wa njia ile wakajua kwamba saa moja na nusu Omurzak anapita. Malango kumi na tisa, mikate kumi na tisa, na kwenye kila lango habari za mgongo na magoti. Watoto walifika shuleni somo la tatu, wameshiba. Mwalimu mkuu alivumilia wiki tatu.

Akaenda gari la wagonjwa. Huko nako, nani atampita mzee anayekwenda kwa miguu barabarani? Siku moja aliingia hospitalini na mgonjwa mmoja wa kidole tumbo, wazee watano, na kondoo wa mmoja wa wazee hao. Mgonjwa hakulalamika; yeye ndiye aliyekuwa amemshika kondoo. Aliyelalamika ni daktari.

Akaingia malori ya mpakani. Foleni ya kule juu ni ya siku nne. Kila dereva aliyetokea nyuma yake alikuwa na mke anayejifungua, na Omurzak akampisha. Alikaa siku kumi na moja. Aliporudi, Burul alimuuliza kama nchi nzima imebaki na mwanamke asiyejifungua wiki ile, au ni yeye peke yake.

Baada ya hapo kila mtu akawa na ushauri. Omurzak hakuweza kuingia dukani kwa Jeenaly bila kupangiwa maisha.

"Wewe nenda zimamoto," Jeenaly alimwambia akiwa amelala juu ya kaunta kama kawaida yake. "Moto hauna mashangazi."

"Zimamoto wapi, na gari lao halina maji?" akadakia fundi wa saa aliyekuwa amekaa juu ya gunia la sukari. "Nenda greda, kaka. Greda halichukui abiria. Nani atakuomba lifti kwenye greda?"

"Mama yako," alisema Jeenaly. "Huyo aliomba lifti kwenye tingatinga. Omurzak, sikiliza mtu mzima: kreni. Unakaa kule juu peke yako, unafunga kidirisha."

"Nimekuja kununua chumvi," alisema Omurzak.

"Chumvi ipo. Lakini kreni..."

"Jeenaly. Chumvi."

"Basi ukishindwa kreni, magari ya maziwa," akasema fundi wa saa, na Omurzak akatoka bila chumvi, akarudi nyumbani akaulizwa chumvi iko wapi.

Mwezi wa tano ukafika mwisho, na mambo mawili yakaja kwa pamoja. La kwanza, shemeji yake aliyeko Novosibirsk akapiga simu: amemtafutia lori la mizigo huko Urusi, tiketi imeshakatwa, safari ni Jumamosi ya kwanza ya Juni, kwa mwaka mmoja, pengine miwili. La pili, mgodi mmoja wa kule juu kwenye barafu ulikuwa unatafuta dereva wa basi la wafanyakazi. Siku kumi na tano mgodini, siku kumi na tano nyumbani, mshahara wa kweli. Wenye leseni ya daraja zote wafike mjini Jumatano ya wiki hiyohiyo, saa nane mchana, wapimwe na wajaribiwe barabarani.

Omurzak hakuitaka Urusi. Ana binti wa miaka minne, Aijarkyn, anayetambua honi ya lori la baba yake toka ng'ambo ya mto na kukimbilia langoni bila viatu. Kila alipofikiria miaka miwili, alimwona yule mtoto amesimama langoni, na honi hailii. Lakini haya hakumwambia mtu. Alimwambia Burul tu kwamba angependa la mgodi.

"Ungependa," alisema Burul. Alikuwa anapiga pasi shati lake siku mbili kabla ya wakati, kwa hasira, kana kwamba shati limemkosea. "Basi sikiliza. Jumatano usimsimamishie mtu gari. Usimbebe mtu. Hata baba yangu akisimama katikati ya njia, mzunguke. Ukishindwa kujifunza kusema hapana kwa lugha yetu, Jumamosi utapanda gari la Novosibirsk, ukaijifunze kwa Kirusi."

Jumanne asubuhi mjomba wake akafika juu ya farasi wa kijivu. Alikuja kwa nia njema kabisa. Kwetu mtu hahamii malisho ya kiangazi siku yoyote anayojisikia. Jumatano ndiyo siku ya kuhama, na Jumatano ilikuwa kesho.

"Mjomba, kesho sipo," alisema Omurzak kabla mzee hajashuka.

"Nani kasema uwepo? Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, saa tatu tumeshusha hema, saa tano uko kwako unaoga na kuimba."

"Hama Alhamisi."

"Alhamisi farasi wavunjike miguu?"

"Basi Jumatano ijayo."

"Jumatano ijayo nitakuwa nimekufa."

"Umekuwa ukisema hivyo tangu niko darasa la pili."

"Na sasa unaona nilivyokaribia."

Omurzak aliangalia mlangoni, akamwona Burul amesimama na pasi mkononi, haisemi kitu. Pasi, nasema, ndiyo ilikuwa haisemi kitu. Burul alisema mengi. Lakini mjomba ni mjomba, na hesabu ya saa ilikuwa kweli inakubali. Saa tano nyumbani, saa sita garini, saa saba na nusu mjini. Omurzak akakubali, na alipokubali alijisikia kama mtu aliyekanyaga msumari uleule kwa mara ya pili.

Alfajiri ile jiko la chuma halikutaka kupanda lorini. Mbwa akapanda, akashuka, akapanda. Shangazi yake akakumbuka sufuria. Walifika malishoni saa nne kasorobo, si saa tatu. Omurzak akashusha miti ya hema, mablanketi ya manyoya, masanduku, mbwa, huku akiangalia saa kila baada ya kamba mbili. Akawasha lori. Ndipo akaona watu wote wa bonde lile wanaelekea kwenye hema la Mama Zuura.

Mama Zuura ana miaka themanini na mitatu, na alikuwa ametangulia kupanda malishoni kwa wiki mbili. Siku hiyo alikuwa anafungua kumisi ya kwanza ya mwaka. Kumisi ni maziwa ya farasi jike, yanasukwasukwa ndani ya kiriba mpaka yachachuke na kuanza kupiga pua. Kwetu haihesabiwi kuwa ni kinywaji, ni chakula. Tunawapa watoto, tunawapa wagonjwa wa kifua. Na kumisi ya kwanza ikifunguliwa, kila aliye karibu anaitwa, mkubwa wa wote anaomba dua, na hakuna anayeondoka mdomo mkavu.

"Wewe mtoto wa Sonun," aliita Mama Zuura kutoka ndani, "mbona unachungulia mlangoni kama mtu wa kodi?"

"Mama, nawahi mjini. Nina mtihani wa kazi."

"Kazi gani?"

"Dereva wa basi la mgodi."

"Na basi zito vile utalipindaje, na mikono yenyewe kama vijiti vya kuchokolea meno? Kaa chini."

Akakaa. Sasa elewa kilichokuwa kichwani mwake. Burul alimwonya kuhusu watu wa kubeba na watu wa kusimamishia gari. Kuhusu pombe hakuhitaji kuonywa. Miaka sita alikuwa hajagusa vodka. Kuhusu maziwa hakuna aliyemwonya, wala yeye mwenyewe hakujionya. Akanywa bakuli la Mama Zuura. Kuna wanaosema mjomba wake akamwekea la pili na kumuuliza amemkosea nini hata alikatae, kisha la tatu kwa ajili ya marehemu baba yake. Mimi wakati huo nilikuwa naangalia milima. Mama Zuura akamfungia chupa ya lita moja ya njiani, na Omurzak akaondoka saa tano na robo, saa ambayo alitakiwa awe bafuni anaimba.

Lori tupu lilishuka mlima kwa saa moja badala ya mbili, na alioga kwa dakika nne. Alivaa shati akiwa bado ana maji. Kwenye gari la kwenda mjini jua lilimchoma dirishani, koo likamkauka, na ile chupa ilikuwa mkobani. Akaimaliza akiwa ameshaona minara ya mjini.

Uwanja wa majaribio ulikuwa na madereva kumi na wawili, yeye akiwemo, basi moja jeupe, na meza mbili. Kwenye meza ya kwanza alikaa Saikal, nesi mnene mwenye miwani ya kamba. Kwenye ya pili alikaa Kurmanali, mtu mwembamba aliyetumwa kutoka mji mkuu, na faili lake lilikuwa limenyooka kuliko yeye. Kupimwa pumzi kwanza, kuendesha baadaye. Omurzak alikuwa wa mwisho.

"Puliza," alisema Saikal.

Akapuliza. Mashine ikalia.

"Wengine wote sufuri," alisema Kurmanali bila kuinua kichwa. "Na huyu."

"Umekunywa nini?" aliuliza Saikal.

"Sijanywa. Miaka sita sijanywa. Muulize mke wangu."

"Mke wako hayupo hapa. Mashine ndiyo ipo."

"Basi mashine inaumwa."

"Umekula nini leo?"

"Mkate. Siagi. Chai. Kumisi."

Pembeni mtu mmoja alicheka puani, na kicheko kikatambaa kwa wote waliokwisha kupimwa.

"Kumisi kiasi gani?"

"Dada, kumisi si..."

"Nimeuliza kiasi gani."

Omurzak akataja idadi ya mabakuli. Kisha akataja chupa. Saikal akavua miwani.

"Na umeshuka mlima na gari?"

"Na lori."

"Na bado unaniangalia usoni."

Omurzak aliangalia chini. Hapo ndipo jambo lilipomwingia. Maisha yake yote alikuwa anajua kumisi inachangamsha, hata wazee huimba baada yake, na maisha yake yote hakuwahi kuiweka mahali pamoja na usukani. Aliona aibu, na chini ya ile aibu aliona hasira kubwa, na hasira ile haikuwa na mtu wa kumwendea, maana waliompa wote walikuwa wamempa kwa mapenzi.

"Sufuri ni sufuri," alisema Kurmanali, akafunga faili. "Mwambieni aende."

"Kanuni inasema huenda ni ya mdomoni tu: anasukutua, anakaa dakika ishirini, anapimwa tena," alisema Saikal. "Kanuni ni yenu. Mimi nimeletewa tu."

Kurmanali alifungua faili, akasoma, akakunja uso kama aliyekuta unywele kwenye mchuzi. "Dakika ishirini. Asile, asinywe, asivute."

Omurzak akasukutua bombani mara sita, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani. Alihesabu dakika moja. Alihesabu ya pili. Kwenye benchi lilelile alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye kofia ndefu nyeupe, jina lake Tursunaly, aliyekuja kumsindikiza mkwewe. Kati ya miguu yake alikuwa na kiriba.

"Unatoka wapi, mwanangu?"

Omurzak alikiona kile kiriba, akajua. "Kara-Tala, mzee."

"Kara-Tala. Mke wa kaka yangu alitoka huko. Basi wewe ni shemeji yetu." Na tayari bakuli lilikuwa limetoka kifuani, na tayari linamiminwa. "Onja. Ya kwanza ya mwaka."

Bakuli likanyooshwa. Madereva kumi na mmoja wakageuka. Hakuna aliyekuwa anacheka, maana kila mmoja pale alikuwa na baba, na alijua kinachoombwa ni kitu gani.

"Sinywi, mzee."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umenikasirikia?"

"Sikujui, nitakukasirikiaje?"

"Ndiyo unywe tujuane." Mzee akalisogeza bakuli karibu zaidi, na Omurzak mkono wake mwenyewe ukaanza kuinuka kulipokea, bila kuambiwa, kama ulivyozoea. Aliukamata kwa mkono wa pili. Kweli kabisa, aliukamata kifundo, watu waliona.

"Mzee," alisema, sauti ya chini, lakini uwanja mzima ulisikia. "Mimi nimeonja mikate ya malango kumi na tisa kwa siku mpaka nikafukuzwa kazi. Nimepisha malori mpakani mpaka betri ikafa. Leo nimehamisha hema la mjomba, jiko lake, na mbwa wake asiyejua kama anapanda au anashuka. Nimechoka kuwa mtu mwema. Nina mtoto wa miaka minne, na nikiligusa bakuli hilo, Jumamosi napelekwa Siberia, atanisahau. Sinywi. Lirudishe. Na kama nimekutukana, basi nimekutukana, nitakuja kuomba radhi siku nyingine na kondoo."

Mzee Tursunaly alibaki na bakuli hewani.

"Mama yako ni wa watu gani?"

"Ni dada yake Mambet, wa malisho ya juu."

"Mambet mwenye farasi wa kijivu? Anayesema aliua mbwa mwitu kwa kumpiga na kofia?"

"Huyohuyo."

"Aa," alisema mzee, akalinywa bakuli mwenyewe mpaka chini, akafuta masharubu. "Ungesema tangu mwanzo. Mwenye mjomba yule hakosi sababu."

Yule mbwa mwitu alikuwepo, lakini tuyaache.

Dakika ishirini zilipotimia Saikal alimwita. Omurzak alipuliza mpaka masikio yakageuka mekundu. Mashine ikakaa kimya. Saikal akaigeuza, akaipiga kofi, akampulizisha tena. Kimya.

"Sufuri," alisema. "Na nikikusikia tena umeshuka mlima na maziwa hayo tumboni, nitakuja Kara-Tala mwenyewe na sindano."

"Ndiyo, dada."

"Naona kukataa unaweza," alisema Kurmanali, na kwa mara ya kwanza aliinua kichwa. "Tuone kama unaweza na rivasi."

Sasa hapa ndipo wengi wanaposhindwa kusadiki. Basi lile lina viti arobaini na tano. Kurmanali akapanda, Saikal akapanda, mzee Tursunaly na kiriba chake akapanda ingawa hakuna aliyemwalika. Omurzak akatia gia ya nyuma, na lile basi likarudi kinyumenyume kilomita mbili nzima, mlima umesimama kama ukuta, korongo huku, korongo kule, vioo vyote vimejaa vumbi, yeye usukani kaushika kwa kidole kimoja na kwa mkono wa pili anampepea Kurmanali aliyekuwa amezimia, na walipofika kileleni wakakuta tai wawili wametua juu ya...

"Mita sitini, mjomba," anasema Omurzak, ambaye ameshuka leo kwa siku zake kumi na tano na amesimama nyuma yangu anasoma ninachoandika, koti la mgodi bado begani. "Tena uwanjani, na uwanja wenyewe tambarare. Hao tai wametoka wapi?"